Kabla hujafunga GPS kwenye pikipiki ya mkataba

Mwaka jana, saa tatu na robo usiku, nikiwa nimejilaza kitandani kwangu Mbagala, niliizima pikipiki iliyokuwa Vikindu. Hata kuinuka sikuinuka. Nilituma meseji moja, kifaa cha GPS kilichofichwa ndani yake kikajibu kwamba amri imepokelewa, nikaweka simu chini nikalala. Dereva wangu alikuwa amechelewesha hesabu siku tatu, na mimi nilikuwa nimechoka kuambiwa "mama, kesho".

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alibisha hodi. Suruali tope mpaka magotini. Akanipa shikamoo, nikaitikia, kisha akaweka ufunguo juu ya meza. "Mama, pikipiki yako ipo nje. Nimeisukuma." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Kwa shilingi 30,000 nilikuwa nimemsukumisha mtu mzima pikipiki kutoka Vikindu mpaka Mbagala, usiku, mvua inanyesha. Alikuwa amenipigia mara nne, simu yangu iko sailensi. Na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu, maana nilipotuma ile meseji sikujua kama amesimama au yuko kwenye mwendo. Alikuwa amesimama, anashusha abiria. Angekuwa katikati ya malori ya barabara ya Kilwa, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Mimi nauza samaki. Nina friza tatu na pikipiki mbili za mkataba, basi. Kompyuta sijasomea. Ila kwa miaka mitano sasa nimekuwa nikiunganisha vitu vyangu na mtandao, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kimenitoza ada ya shule. Majirani wenye pikipiki huja kuniuliza, "Mama, GPS gani nzuri?" Nami huwauliza jambo linalowaudhi: umeshakubaliana nini na kijana?

Kwa asiyejua mambo haya: pikipiki ya mkataba ni kwamba mimi nanunua, kijana anaendesha, ananiletea hesabu ya kila siku, na muda tuliopatana ukiisha pikipiki inakuwa yake. Wetu ulikuwa 10,000 kwa siku, Jumapili yake mwenyewe, mwaka na miezi miwili. Zamani ulimpa mtu pikipiki kwa sababu ulimjua mama yake, au mjomba wake alikuwa jirani. Kijana huyu nilimjua kwa wiki mbili tu. Nilimpa kwa sababu fundi alikuwa ameficha chini ya kiti kidude cha ukubwa wa kiberiti.

Hapo ndipo penye mabadiliko yote, na ilinichukua muda kupaona. Mangi wa mtaani kwetu anakukopesha unga na sukari, anaandika kwenye daftari la madeni. Anakupa kwa sababu anakujua: anajua unakoishi, anajua mshahara unatoka lini, na ukihama usiku habari zitamfikia kabla hujafungua mizigo. Kifaa chenye laini ya simu hakikujui hata chembe. Kinakupa kwa sababu kinaweza kukuzimia.

Kwa hiyo leo mtu asiyejulikana anakopesheka, na hilo si dogo. Kenya, M-KOPA walianza mwaka 2012 kuuza sola zenye laini ya simu ndani yake: unatanguliza kiasi kidogo, unalipa kila siku kwa M-Pesa, usipolipa taa haiwaki. Hapa Dar es Salaam KopaGas wakafanya hivyo kwa gesi. Mtungi unawekwa jikoni kwako na mita juu yake, unanunua gesi ya pesa uliyonayo, ikiisha mita inafunga. Teknolojia hiyo ilinunuliwa mwaka 2020 na Circle Gas, ambao Kenya huduma yao inaitwa M-Gas. Ukitaka kujua kwa nini hili ni jambo kubwa, kasimame kwa muuza mkaa jioni. Watu hawapiki kwa mkaa kwa sababu wanaupenda moshi. Wanapikia mkaa kwa sababu mkaa unapimwa kwa kopo, na mtungi wa gesi unadai pesa yote kwa mkupuo. Mita imefanya gesi ipimwe kama mafuta ya kula.

Lakini mama yangu ana upande wake wa hadithi. Yuko kijijini, ng'ambo ya Kilwa Masoko, na mimi mwanawe mjanja wa mjini nilimchukulia sola ya kulipia kidogo kidogo (kampuni nyingine, siitaji). Mwezi wa tatu akanipigia. "Mwanangu, taa yenu imeninunia." Sikuelewa. "Jana iliwaka. Leo naibonyeza, inanitazama tu."

Kosa lilikuwa langu. Pesa ya mama huja na korosho, kuanzia mwezi wa kumi mpaka Desemba hivi. Mwezi wa tatu ana chakula, ana kuku, ana kila kitu isipokuwa noti. Mkataba wa taa ulikuwa umeandikwa na mtu anayedhani kila binadamu anapata hela kila siku kama muuza chapati. Mangi angengoja korosho. Mita haijui korosho ni nini. Siku hizi tunalipa miezi sita kwa mpigo akishauza, na kabla hatujasaini kitu chochote cha aina hiyo swali la kwanza ni: naruhusiwa kulipa mbele, na nikipitiliza siku mnazima palepale au mnanipa muda? Swali hilohilo liulize kwa simu za mkopo, zile zinazojifunga. Kijana wa bodaboda akifungiwa simu asubuhi, hiyo 10,000 yako ya jioni itatoka wapi?

Nirudi kwa kijana aliyeweka ufunguo mezani. Alipoondoka nilifungua programu ya GPS nikiwa na hasira, nikitafuta ushahidi kwamba siku zile tatu alikuwa anazurura. Programu inaonyesha njia yote iliyopitwa, saa kwa saa. Nikaona pikipiki imesimama kijiweni Rangi Tatu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kesho yake vilevile. Kilomita 31 kwa siku nzima, wakati siku ya kawaida alikuwa anapita 120. Ulikuwa mwezi wa nne, masika imekolea, na nani anapanda bodaboda kwenye mvua ile? Hakuwa anazurura. Alikuwa anangoja abiria ambao hawakuwepo, halafu usiku akaenda mpaka Vikindu kutafuta angalau hesabu ya siku moja.

Ramani niliyoinunua imchongee dereva ikanisuta mimi. Taarifa zote nilikuwa nazo mkononi siku tatu nzima na sikuzitazama. Nilichokitazama ni kitufe cha kuzima.

Nilimfuata mwenyekiti wa kijiwe chao, maana jambo kama lile huendi mwenyewe mikono mitupu. Tukakaa watatu, nikaomba radhi, kisha tukaandika ukurasa mmoja. Yaliyomo ni haya, na unaweza kuyachukua kama yalivyo. Natazama ramani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na Jumapili sitazami kabisa, hata akienda wapi. Pikipiki inazimwa ikiibwa, au zikipita siku saba bila hesabu na bila neno lolote. Na hata hapo ni mchana, mwendo unasomeka sifuri, na baada ya kumpigia akapokea. Akitaka kuona kumbukumbu za njia zake, namwonyesha. Bando la laini nalipa mimi. Na kuanzia nusu ya pili ya Machi mpaka mwisho wa Mei hesabu inashuka kuwa 6,000, mkataba unasogea mbele kufidia. Hilo la mwisho silo la GPS, lakini bila GPS nisingelikubali.

Watu huniambia nimelegea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Wakenya wana ya kwao tangu 2019. Mimi si mwanasheria, lakini sihitaji wakili kunieleza kwamba mahali alipo mtu saa saba za usiku ni habari zake, si zangu. Nilinunua pikipiki. Yeye sikumnunua.

Mwaka jana kijana huyo alituhumiwa kukwapua mkoba Temeke. Kumbukumbu zilionyesha pikipiki ilikuwa Chamazi saa hiyo, nikazipeleka mwenyewe. Zingatia lakini: kifaa kinajua pikipiki ilipo, hakijui nani ameikalia. Siku ile kulikuwa na abiria wa kushuhudia pia. Usije ukajenga kesi nzima, ya kumtetea mtu au kumtuhumu, juu ya kidoti cha bluu kwenye ramani.

Sasa mambo ya vifaa vyenyewe, kwa haraka, kwa sababu mafundi wetu hawayasemi.

GPS inapokea tu kutoka setilaiti. Kukuletea habari inahitaji mtandao wa simu, kama meseji nyingine yoyote. Kwa hiyo kila kifaa kina laini ndani yake, na laini ina bando, na bando linaisha. Mara nyingi mtu akilalamika kwamba "GPS imekufa", haijafa, imeishiwa. Laini yangu ya kwanza, kumbe, ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za fundi. Maana yake mwenye laini ni yeye. Isajiliwe kwa jina lako, mbele yako, na ubonyeze *106# uone laini zote zilizo chini ya kitambulisho chako cha NIDA.

Halafu kuna neno la siri. Vifaa vingi vya bei rahisi vinatoka kiwandani na 123456, na fundi anaviacha hivyohivyo. Yeyote anayejua namba ya ile laini anaweza kuiuliza pikipiki yako iko wapi, au kuizima. Usidhani ni jambo la kinadharia. Oktoba 2016 wahalifu walitumia kamera za ulinzi na vinasa picha vya majumbani, vingi vikiwa na neno la siri la kiwandani, kuushambulia mtandao wa Marekani mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa masaa. Programu iliyofanya hivyo iliitwa Mirai. Wenye zile kamera hata hawakujua kwamba kamera zao ziko vitani. Ya kwako ya dukani je, ulishabadilisha?

Na uliza kampuni ikifunga itakuwaje. Mei 2016 Nest, iliyo chini ya Alphabet wenye Google, ilizima huduma ya kifaa cha nyumbani kinachoitwa Revolv, na watu waliokilipia dola karibu 300 wakabaki na kopo. Ndiyo maana mimi napenda kifaa kinachojibu kwa meseji ya kawaida pia, si kwa programu peke yake.

Friza sasa. Hapa nilipata hasara iliyonifunza kuliko pikipiki.

Samaki nanunua Feri, Magogoni, alfajiri. Wanaobaki wanaingia friza, na friza ya samaki inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilichoka kwenda dukani usiku kupapasa mifuniko. Nikanunua kipima joto cha kuunganisha na waifai, kinanitumia taarifa joto likipanda. Nilijiona mtu wa maana. Kumbe swali langu lina umri mrefu: mwaka 1982 watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani waliiunganisha mashine ya Coca-Cola na mtandao wa wakati ule, ili mtu ajue akiwa mezani kwake kama soda zipo na kama zimepoa. Na Kevin Ashton, Mwingereza aliyelipa jambo hili jina la "intaneti ya vitu" mwaka 1999, alikuwa kampuni ya Procter & Gamble akihangaika na rangi za midomo zinazoisha kwenye rafu bila stoo kujua. Kumbe ni matatizo ya wauza duka tu. Nilipolijua hilo niliacha kuogopa msamiati wao.

Basi Jumamosi moja nikafunga duka saa kumi na mbili jioni. Jumapili nilikuwa na shughuli ya harusi. Simu kimya, nikasema alhamdulillah, friza ziko sawa. Jumatatu alfajiri nafika, harufu imenipokea barabarani.

Umeme ulikuwa umeisha Jumamosi usiku. TANESCO hawakukata; mimi nilisahau kununua LUKU. Na kipima joto changu kilikuwa kimechomekwa ukutani, na ruta ya waifai nayo imechomekwa ukutani. Kile nilichokiweka kinipe habari za umeme kilikuwa kinakula umeme huohuo. Kilikufa cha kwanza kabisa, bila kuaga. Kilo 70 na ushee za vibua na changu nilizifukia nyuma ya nyumba ya shemeji, na mbwa wa mtaa mzima wakazifukua.

Kwa hiyo: kifaa cha kulinda friza kiwe na betri yake na laini yake. Na ukimya usiuhesabu kuwa ni habari njema. Changu cha sasa kinatuma meseji kila siku saa moja asubuhi na saa moja jioni hata kama hakuna tatizo. Isipofika meseji, hapo ndipo naanza kukimbia. Kipimo chenyewe usikibandike karibu na mfuniko, kitakuamsha kila mteja akifungua. Kitumbukize kwenye chupa ndogo ya maji ya chumvi katikati ya samaki, kisome joto la bidhaa badala ya joto la hewa. Muhimu kupita yote, chagua nani ataamka. Meseji yangu ya hatari inaenda kwangu na kwa mlinzi wa usiku, ambaye ana ufunguo na namba ya mita ya LUKU, na tumepatana kitu kidogo juu ya mshahara wake. Kabla ya mlinzi, nilikuwa na kengele nzuri sana inayompigia mtu aliyelala.

Kwa njia, LUKU yenyewe ni kitu cha kutafakari. Ile mita ya kubonyeza haijaunganishwa na mtandao wowote. Ujumbe wote uko ndani ya zile tarakimu 20. Ndiyo maana mwaka 2024 tuliambiwa tuingize makundi ya ziada ya namba: mita za aina ile dunia nzima zilikuwa zinahesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Kama zingekuwa mtandaoni, mtu mmoja ofisini angezirekebisha zote. Kwa kuwa haziko, kila mwenye nyumba alibonyeza kwa kidole chake, na babu yangu wa Mtoni Kijichi alibonyeza mara tano kwa hasira. Lakini pia hakuna mtu anayeweza kukaa kitandani akazima mita yake. Sijaamua bado ni ipi ninayoipenda.

Mkataba wa yule kijana uliisha mwezi uliopita, ukiwa umesogea wiki saba kwa ajili ya mvua. Tulimwita fundi aje kuing'oa GPS, kama tulivyokuwa tumepatana. Amekwisha fungua kiti, bisibisi mkononi, kijana akasema, "Mama, iache. Futa namba yako, weka yangu."

Fundi akafuta. Kijana akachagua neno la siri mwenyewe, akatugeuzia mgongo wakati analiandika. Kisha akatuma meseji yake ya kwanza na kusimama pale uani akiikodolea simu, mkono mwingine juu ya tangi. Ikaita. Akasoma, akacheka.

"Inasema ipo hapa."